Roma, Firenze na Venezia: Mwongozo Kamili wa Kutembelea Miji Mikongwe ya Italia

Mara ya kwanza kwenda Makumbusho ya Vatikani nilifika saa nne asubuhi, sina tiketi mkononi, jua la Julai limeshaanza kuchoma. Nikasimama kando ya ukuta mrefu kwa muda wa saa tatu. Nilipoingia Kikanisa cha Sistina miguu ilikuwa imekwisha, shingo haitaki kutazama juu. Dari ambalo Michelangelo alilichora kwa miaka minne nililipita kwa dakika kumi. Iliniuma sana, na bado inaniuma nikikumbuka.

Nimerudi mara kadhaa tangu hapo, na nilichojifunza ni kwamba safari ya miji hii huanzia mezani kwako, wiki nyingi kabla ya kupanda ndege. Ukikata mapema tiketi nne au tano zenye saa maalumu, mengine yote utayafikia kwa miguu, kwa raha zako, na mengi ni bure. Mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata mantiki hiyo.

Hatua ya 1: Viza na majira

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla ya kuondoka. Usingoje siku hizo 15. Miezi miwili au mitatu kabla ndiyo nafasi ya kupumua. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na utatakiwa kuwa na bima ya safari inayogharamia matibabu hadi angalau euro 30,000. Kama unaishi Oman au Dubai kwa kibali cha ukaazi, ombi lako unalipeleka huko huko unakoishi.

Majira mazuri ni Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, kisha Septemba na Oktoba. Julai na Agosti joto la Roma linaweza kumshangaza hata mtu wa Dar es Salaam, kwa sababu kwenye magofu hakuna upepo wa bahari wala kivuli cha mwembe. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu kubwa, na maduka na migahawa mingi ya kifamilia hufungwa siku zinazoizunguka. Novemba hadi Februari ni baridi, lakini foleni hupungua na vyumba hushuka bei.

Panga ndege iingilie Roma na itokee Venezia. Ukirudi Roma kupanda ndege, umepoteza siku nzima bure. Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza napendekeza usiku 4 Roma, 3 Firenze na 2 Venezia. Wako watakaokushauri uongeze Milano, Pisa na Napoli ndani ya siku hizo hizo. Usikubali.

Hatua ya 2: Ijue kalenda ya kufungwa

Chukua karatasi, andika siku zako, kisha weka alama hizi kabla ya kukata chochote.

Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi, ambapo kiingilio ni bure asubuhi na umati ni mkubwa mno. Jumatano asubuhi Papa anapokuwa Roma hukutana na mahujaji, mara nyingi kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro, hivyo kuingia kanisani humo kabla ya adhuhuri ni shida. Firenze, makumbusho ya Uffizi na Accademia hufungwa Jumatatu. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi makumbusho ya serikali huwa bure nchi nzima. Kama pesa ni ngumu, itumie siku hiyo, ila uamke na mapema. Vijana wa chini ya miaka 18 huingia bure kwenye makumbusho ya serikali bila kujali uraia, lakini nao wahesabu katika kuhifadhi nafasi.

Na hili ni la sisi wenye saa ya Kiswahili: tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24. Ikisema 09:30, hiyo ni saa tatu na nusu asubuhi. Ikisema 15:00, ni saa tisa alasiri. Ndugu yangu mmoja alisoma 09:00 kwenye simu, akili ikamwambia saa tisa, akafika mlangoni mchana. Tiketi ilikuwa imeshakufa. Andika kila miadi kwa mfumo mmoja tu, na simu iache ijibadilishe saa yenyewe: wakati wa kiangazi Italia iko nyuma ya Nairobi kwa saa 1, wakati wa baridi kwa saa 2.

Hatua ya 3: Kata tiketi kwa mpangilio huu

Anza na Vatikani, maana nafasi za asubuhi huisha wiki kadhaa kabla. Ya pili ni kupanda kuba la kanisa kuu la Firenze, ambalo bila kuhifadhi nafasi hupandi. Ya tatu ni Accademia na Uffizi. Ya nne ni Colosseo, uwanja mkubwa wa michezo wa Warumi wa kale: tiketi zake hufunguliwa siku 30 kabla ya siku ya kuingia, nazo huandikwa jina. Jina hilo lilingane na pasipoti herufi kwa herufi, kwa sababu mlangoni wanakagua. Mwisho kata treni za mwendokasi, ambazo nauli yake hupanda kadiri siku inavyokaribia.

Nunua kwenye tovuti ya mahali penyewe. Ukiandika jina la Colosseo mtandaoni, tovuti za kwanza kujitokeza mara nyingi ni za madalali, zimepambwa zionekane rasmi, na bei inaweza kuwa maradufu. Tiketi ya kawaida ya Colosseo ni kama euro 18, pamoja na Foro ya Kirumi, magofu ya uwanja wa kale wa mji, na kilima cha Palatino. Ukiona 45, umefika kwa dalali, au ni ziara yenye mwelekezi ambayo wewe hukuiomba.

Hatua ya 4: Begi

Viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, kwani barabara za Roma ni vijiwe vya volkano vyenye migongo ya mviringo. Chupa ya maji ya plastiki au ya chuma, si ya kioo. Begi dogo, kwa sababu begi kubwa la mgongoni haliruhusiwi kuingia Colosseo.

Na kanga. Makanisani mabega na magoti lazima yafunikwe, mwanamume kwa mwanamke, na mlangoni pa Mtakatifu Petro hawabembelezeki. Nimeona watalii wakinunua vitambaa vya karatasi kwa wachuuzi. Kanga moja inafunika mabega kanisani, inakuwa shuka kwenye treni yenye kiyoyozi kikali, na inakuwa mkeka bustanini.

Roma: siku ya mawe

Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino kuna treni ya moja kwa moja hadi kituo cha Termini, dakika 32, euro 14. Ndani ya mji, metro, yaani treni ya chini ya ardhi, hukubali kadi ya benki unayoigusisha mlangoni.

Nenda Colosseo saa ya kwanza utakayoipata. Ujenzi ulianza chini ya mfalme Vespasiano na jengo likafunguliwa na mwanawe Tito mwaka 80. Urefu wake ni mita 188, upana mita 156. Kabla ya kuingia, simama nje upande wa kaskazini utazame juu ya matao: kuna namba za Kirumi zilizochongwa, bado zinasomeka. Zilikuwa namba za milango. Raia alipewa kipande chenye namba ya mlango wake, naye akaenda moja kwa moja hadi kiti chake. Karibu miaka 2,000 iliyopita watu hao walijua kuwaingiza na kuwatoa makumi ya maelfu ya watu kwa utaratibu ambao viwanja vingi vya leo bado vinautafuta. Upande wa kusini umemeguka. Tetemeko la mwaka 1349 liliuangusha, na mawe yakabebwa kujengea majumba na makanisa ya mji. Kama unapata tiketi inayoruhusu kushuka chini ya uwanja, ilipie hiyo ya ziada. Ni vichochoro ambamo wanyama, wengi wao kutoka Afrika Kaskazini, walifungiwa kabla ya kupandishwa juu kwa winchi zilizozungushwa na watumwa. Huko chini hutapiga picha nyingi. Utanyamaza tu.

Ukitoka, ingia Palatino na Foro kwa tiketi hiyo hiyo. Tafuta tao la Septimius Severus la mwaka 203, kwenye mwisho wa Foro kuelekea kilima cha Campidoglio. Severus alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Mtoto wa Afrika aliyetawala Roma yote, na tao lake bado limesimama pale wakati mahekalu ya jirani yamebaki nguzo mbili tatu. Kivuli hakipo, kwa hiyo maliza kabla ya saa saba mchana.

Kiu isikutie hasara. Roma ina mabomba ya chuma barabarani yapatayo 2,500, wenyewe huyaita *nasoni*, maji baridi yanatiririka usiku na mchana, safi na bure. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yatarukia juu kupitia kitundu kidogo, unywe bila kuinama.

Nenda kwa miguu ukipita uwanja wa Porta Capena, karibu na makao makuu ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Leo hakuna kikubwa cha kuona pale, ndiyo maana nakutaka upite. Mnara wa jiwe wa Aksum, mita 24, ulisimama hapo baada ya majeshi ya Mussolini kuuchukua kutoka Ethiopia mwaka 1937. Jengo la FAO lenyewe lilibuniwa liwe wizara ya makoloni. Ethiopia iliudai mnara wake kwa miongo mingi, ukarudishwa vipande vipande kwa ndege mwaka 2005, na mwaka 2008 ukasimamishwa tena Aksum. Waelekezi wengi hawasimami hapo.

Roma: Pantheon, kisha Vatikani

Kwangu mimi Pantheon ndilo jengo zuri kuliko yote Italia. Kiingilio ni euro 5. Juu ya mlango limeandikwa jina la Agrippa, lakini hekalu unaloliona ni la mfalme Hadrian, la miaka ya 120 hivi. Hadrian aliliheshimu jina la mjenzi wa kwanza. Kuba lina kipenyo cha mita 43.3, na kutoka sakafuni hadi kileleni ni mita 43.3 pia, yaani mpira kamili ungekaa humo ndani. Ni zege lisilo na nondo hata moja, na mpaka leo hakuna kuba la zege lisilo na nondo linalolizidi duniani. Siri iko kwenye kokoto: chini walichanganya mawe mazito, wakapanda wakipunguza uzito, na juu kabisa wakatumia jiwe jepesi la volkano. Kileleni waliacha tundu wazi. Mvua ikinyesha, huingia, na sakafu ina vitundu vya kuipitisha. Kaa hapo nusu saa uone duara la jua linavyotembea ukutani.

Siku ya Vatikani iwe peke yake. Kosa ambalo wengi hulifanya: mlango wa makumbusho hauko uwanjani kwa Mtakatifu Petro. Uko upande wa pili wa ukuta, mwendo wa dakika 15 hadi 20. Metro shuka Ottaviano. Ndani usijaribu kuona kila kitu, kwani vyumba ni vingi kupita uwezo wa siku moja. Chagua ukumbi wa ramani, vyumba vya mchoraji Raffaello, kisha Sistina. Michelangelo alichora dari kati ya 1508 na 1512, akarudi akiwa mtu mzima kuchora Hukumu ya Mwisho ukutani, 1536 hadi 1541. Picha haziruhusiwi, na sauti pia. Safari hii kaa kwenye benchi za pembeni, subiri mtu ainuke uchukue nafasi yake, uanze na pale Mungu anapotenga nuru na giza, ufuate hadithi hadi Nuhu.

Kuingia Kanisa la Mtakatifu Petro ni bure, ila kuna ukaguzi wa usalama. Fika saa moja asubuhi linapofunguliwa na utatembea ndani ukisikia nyayo zako. Kulia mwa mlango kuna Pietà, sanamu ya Maria na mwanawe aliyekufa, ambayo Michelangelo aliichonga kabla hajafika miaka 25. Kupanda kubani ni vidato 551. Lifti inakupunguzia hadi 320. Nje, kati ya nguzo 284 za msanifu Bernini, tafuta vibao vya mviringo ardhini pande mbili za uwanja. Simama juu ya kimoja, na safu nne za nguzo zitageuka safu moja.

Kwa msomaji wa kwetu, kanisa hili lina jambo jingine. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI alimtangaza Karoli Lwanga na wenzake 21, mashahidi wa Uganda, kuwa watakatifu hapo.

Firenze: kuba na jiwe

Treni ya mwendokasi kutoka Termini ni kama saa moja na nusu. Kwenye mbao za kituo utasoma *Firenze Santa Maria Novella*. Ukisafiri kwa treni ya kawaida kwa tiketi ya karatasi, igonge muhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda. Mimi nililipishwa faini nikiwa na tiketi halali mkononi, kwa kusahau hilo tu.

Kanisa kuu lilianzwa 1296, na kwa zaidi ya miaka mia lilikaa na shimo juu, kwa sababu hakuna aliyejua kuziba upana wa kama mita 45 bila jukwaa la mbao la kutisha. Filippo Brunelleschi, fundi wa dhahabu, alianza 1420 na kumaliza 1436 bila kuegemeza kuba juu ya mbao. Alijenga makuba mawili, moja ndani ya jingine, na matofali akayapanga kwa mshono wa mfupa wa samaki ili kila mstari ushikwe na uliotangulia kabla saruji haijakauka. Ukipanda vidato 463 utapita katikati ya makuba hayo, na matofali utayagusa kwa kiganja. Hakuna lifti. Mwenye moyo au magoti mabaya asijaribu, kwa sababu njia ni nyembamba na kugeuka ni vigumu. Kuingia kanisani chini ni bure.

Accademia watu huja kwa ajili ya Daudi, sanamu ya Michelangelo, mita 5.17 za marumaru, 1501 hadi 1504, kutoka jiwe moja ambalo wachongaji wengine walikuwa wamelianza na kulitelekeza. Anastahili. Lakini kabla ya kumfikia, kwenye ukumbi huo huo, kuna Wafungwa, sanamu nne ambazo Michelangelo hakuzimaliza. Kifua kimetoka, kichwa bado kimo ndani ya jiwe, na alama za patasi zinaonekana kama zimepigwa jana. Watu huwapita mbio. Anza nao.

Uffizi maana yake ni ofisi tu. Msanifu Vasari alianza kulijenga 1560 kwa ajili ya makarani wa Cosimo de' Medici, mtawala wa Firenze. Jipe saa tatu, usizidishe. Jioni vuka Ponte Vecchio, daraja la 1345, panda hadi Piazzale Michelangelo jua likizama.

Chakula

Kahawa inywe ukiwa umesimama kaunta. Ukikaa mezani bei hupanda, hasa kwenye viwanja vikubwa. *Coperto* kwenye bili ni ada ya meza, si wizi. Muislamu ajue kwamba carbonara na amatriciana zina nyama ya nguruwe hata kama menyu haisemi, na tiramisù mara nyingi hutiwa kileo. Sema *senza maiale*, bila nguruwe. *Cacio e pepe* ni jibini na pilipili manga tu. Roma ina msikiti mkubwa uliofunguliwa 1995, kaskazini mwa mji.

Vibaka wa mifukoni wapo, hasa Termini, ndani ya metro na kwenye basi namba 64 la Vatikani. Begi liwe kifuani. Mtu akija kwa tabasamu akufunge uzi mkononi, rudisha mkono wako uendelee na safari.

Venezia: lala humo

Shuka *Venezia Santa Lucia*, siyo *Venezia Mestre*, ambayo iko bara. Kutoka Firenze ni saa mbili na kidogo. Siku fulani za msimu anayekuja na kuondoka siku hiyo hiyo hulipa ada ya kuingia mjini. Anayelala hotelini ndani ya mji halipi, ila ajisajili mtandaoni apate msamaha wake. Sababu kubwa ya kulala ni nyingine: saa kumi na mbili jioni wageni wa siku wanaondoka, na mji unabaki na maji yake na hatua za watu wachache.

Boti za abiria, vaporetto, ni euro 9.50 kwa dakika 75. Panda namba 1 kutoka kituoni hadi San Marco, ukae mbele kama inaruhusu. Gondola ina bei rasmi: euro 90 mchana kwa nusu saa, 110 baada ya saa moja usiku, kwa boti nzima. Ukitaka kuionja tu, tafuta *traghetto*, gondola inayovusha watu Mfereji Mkuu kwa euro 2.

Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe hatapata taabu humu. Vichochoro ni vile vile, na kupotea ni sehemu ya kufika. Fuata vibao vya manjano: *Per Rialto*, *Per San Marco*. Kwenye Basilika ya San Marco, farasi wanne wa shaba walio nje ni nakala. Wa asili wako ndani, waliporwa Konstantinopoli mwaka 1204, Napoleon naye akawapora 1797, wakarudi 1815.

Kisiwa cha Murano nenda asubuhi. Tanuri za vioo zilihamishiwa huko 1291 kwa kuogopa moto. Shanga za vioo za Venezia zilivuka bahari hadi Zanzibar, na karne ya 19 wapagazi wa misafara walizibeba begani hadi Tabora na Ujiji, zikilipia chakula na njia. Ukiziona dirishani mwa makumbusho ya vioo, huenda ukazitambua: nyekundu ndogo kama zile zilizokuwa kiunoni mwa bibi.

Siku ya kuondoka, kumbuka kwamba kila daraja ni ngazi na sanduku la magurudumu utalibeba. Basi la uwanja wa ndege huondokea Piazzale Roma, hivyo usiku wa mwisho lala upande huo.